Mtu Aliyelipumzisha Jua

Watu wa ule mstari wa maduka walimwita Mtambo, na mkewe naye, akikasirika, alimwita hivyo hivyo. Jina hakulichukia. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa moja: kuilea jenereta ya dizeli iliyokaa katika kibanda cha bati nyuma ya maduka, kubwa kama ng'ombe aliyelala, rangi yake ya kijani imepauka kama nguo iliyofuliwa kupita kiasi. Umeme wa serikali ukikatika, na ulikatika mara kwa mara, Mtambo aliiwasha, na mstari mzima ukapumua tena: mashine za kinyozi, majokofu ya muuza maziwa, duka la nakala, na cherehani ya mkewe, ambaye chumba chake cha kushonea kiligusana ukuta kwa ukuta na kibanda.

Kazi hiyo alifundishwa na fundi mzee ambaye hakuwa na maneno mengi. Mzee alimfundisha kwa sikio. Alimfunga macho kwa kitambaa, akamwambia asikilize, aseme injini inataka nini: mafuta, hewa, au maneno mazuri. "Injini haidanganyi," mzee alisema. "Anayedanganya ni fundi wake." Na sheria yake kubwa kuliko zote ilikuwa kupumzisha. Jua likifika utosini, jenereta inazimwa, na haiwashwi mpaka jua lilegee. Chochote kinachopata moto kina haki ya kupumzika. Mtambo usiopumzika hufa ukiwa kijana.

Wenye maduka walilalamika wee mpaka wakachoka, mwisho wakaizoea ile saa kama watu wanavyozoea ndugu mlevi. Kinyozi alipenda kuwasimulia wateja habari za bwana harusi aliyekatiwa umeme mashine ikiwa katikati ya kichwa, akaenda kuoa akiwa nusu mtu mzima, nusu mtoto.

"Na ndoa imedumu?" mteja angeuliza.

"Imedumu. Mke kila akitaka kugombana anakumbuka ile nusu, anacheka."

Mtambo mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa. Hata nyumbani, mbele ya sahani, goti lake lilitikisika chini ya meza kana kwamba kuna mkanda unaolizungusha. Masikio yalikuwa yameanza kuziba kwa ngurumo, hivyo alizungumza kwa sauti ya juu mambo yote, hata yale ya chumbani, na mkewe alikuwa akimfumba mdomo kwa kiganja huku akicheka. Siku hizo bado alikuwa akicheka bila kukohoa.

Kisha miaka ikabadilika tabia. Mvua zilianza kuja kama mgeni asiye na adabu: zinachelewa, zikifika zinavunja vyombo, halafu zinaondoka bila kuaga. Bwawa lililozalisha umeme likashuka mpaka magogo yaliyokuwa yamezama yakaonekana, na umeme uliokuwa ukikatika kwa saa sasa ukakatika kwa siku. Joto nalo likapanda. Watu wakataka feni, wakataka barafu, wakataka maji baridi. Na kadiri walivyotaka ndivyo jenereta ilivyonguruma. Ukuta wa chumba cha cherehani ukawa mweusi. Nguo za maharusi zilizoshonwa pale zilitoka na harufu ya dizeli, na mkewe akawa anazianika uani kabla ya kuwapa wenyewe.

Siku moja alikwenda zahanati. Mganga aliweka kipimo kifuani pake, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena.

"Unavuta sigara, mama?"

"Sijawahi hata kuishika."

"Basi kuna mtu anakuvutia."

Alimsimulia mumewe maneno hayo kama kichekesho, akisubiri acheke. Mtambo alinyanyuka kwenda kuangalia kitu ambacho hakikuwa na haja ya kuangaliwa.

Muuza maziwa ndiye aliyeanza kuisemea ile habari ya sola. Alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa mstari, mwanamke mpana wa mabega na mfupi wa maneno, na aliwaletea fundi, msichana mwenye mkoba wa nyaya na viatu vizito, ambaye watu walimwita Binti Sola kabla hata hajaketi. Binti aliwaeleza kuhusu paneli na betri. Aliwaeleza pia kuhusu moshi: kwamba hauishii pale unapopotea machoni, unapanda, unakutana na moshi wa wengine, na wote pamoja unalifunika anga kama blanketi, joto likiingia halitoki, na mvua zinapoteza njia.

"Samahani, mwanangu," Mtambo alisema kwa ile sauti yake ya kupigia kelele injini. "Kuna viwanda duniani. Kuna meli, kuna ndege. Katika vyote hivyo, aliyelikausha bwawa ni mimi na kibanda changu?"

Watu walicheka, na Binti Sola akacheka pia, kwa sababu swali lilikuwa la haki na alilijua. Aliyejibu ni mkewe Mtambo, akiwa mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Mdomo wa kila mtu ni mdogo," alisema. "Lakini ingia sokoni uone kama mnasikilizana."

Paneli zikapandishwa mapaani. Betri zikapangwa katika stoo ya muuza maziwa, na swichi zake zikafungiwa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Jenereta ilifunikwa turubai na kuachwa kibandani, kwa maana watu hawatupi mkongojo siku ya kwanza mguu unapopona. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwona Mtambo akizurura, ushirika ulimpa ufunguo wa sanduku na kitambaa cha kufutia vumbi. Mtunzaji, wakamwita. Alishukuru. Alijua kabisa amepewa kiti cha mgonjwa.

Zile siku za mwanzo nusura zimtoe akili. Jua lilichomoza, umeme ukaja, umeme ukakaa. Hapakuwa na cha kumwagia mafuta, cha kukaza, cha kutukana. Alifuta paneli asubuhi, akazifuta tena kabla vumbi halijapata nafasi ya kutua, mpaka Binti Sola akamwambia, "Baba, utazifuta mpaka ziishe." Aliweka sikio kwenye sanduku na kusikia mvumo mdogo, kama wa paka mwenye homa. Alitembea mpaka mwisho wa mstari, akarudi. Akapita dukani kwa kinyozi kuuliza kama umeme upo.

"Upo, Mtambo."

Baada ya muda mfupi kichwa kilichungulia tena.

"Upo?"

"Ulikuwepo mpaka ulipouliza. Sasa umeona haya, unataka kuondoka. Hebu nenda!"

Siku moja, jua likiwa utosini, alipanda ngazi akaigusa paneli kwa kiganja. Iliunguza. Alishuka, akafungua sanduku, akaweka mkono juu ya swichi ya paneli, nayo ilikuwa na uvuguvugu, kama paji la uso la mtoto anayeumwa. Hakufikiri kwa muda mrefu. Kusema kweli hakufikiri kabisa, mkono ulijua. Aliizima, na hakumwambia mtu, kama vile mchungaji asivyomwambia mtu kwamba amewaacha ng'ombe walale kivulini.

Akasubiri malalamiko. Hayakuja. Mashine ya kinyozi iliendelea kuvuma, majokofu yakaendelea, cherehani ya mkewe ikaendelea kukimbia, kwa sababu betri zilikuwa zikitoa kile zilichokula asubuhi. Mtambo alisimama pale na mshangao uliokaribia kuwa mapenzi. Kumbe vitu hivi vinapumzika huku vinafanya kazi! Jua lilipolegea aliiwasha swichi tena, akafunga kufuli, na kwa mara ya kwanza tangu paneli zije alikaa kwenye benchi akanyoosha miguu. Kesho yake alifanya vilevile, na kesho kutwa.

Haikupita muda taa zikaanza kufa magharibi.

Zilikufa saa mbaya kuliko zote, pale watu wanapotoka kazini na wateja kuanza kujaa. Kinyozi alimaliza vichwa kwa mkasi na tochi. Duka la nakala likafungwa mapema. Muuza maziwa aliwahi asubuhi akakuta majokofu yana joto lile lile la chumba, akainama, akanusa, na wote wakamwona akimwaga maziwa mtaroni, ndoo baada ya ndoo. Ikawa hivyo tena, na tena.

"Labda jua lenyewe si la aina inayotakiwa," mmoja alisema.

"Jua la huku limetumika sana," kinyozi akajibu. "Tumeuziwa vitu vya jua jipya."

Walianza kupita kibandani. Mmoja angeinua pembe ya turubai kama mtu anayechungulia maiti kuona kama kweli imekufa. Mwingine angempiga Mtambo begani: "Iko hai?" Naye alijibu kwa kujizuia kwamba iko hai. Alibadilisha mafuta. Alisafisha chujio. Furaha ilimjia kwa wizi, kama mtoto anayelamba sukari nyuma ya mlango, na kila alipoisikia alitazama ukuta mweusi wa chumba cha mkewe, akageuza uso.

Binti Sola alikuja asubuhi, akapima kila kitu, akakuta kila kitu kizima. Akaja asubuhi nyingine. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza kazini. Yeye ndiye aliyepanga ukubwa wa mfumo ule, na waliomwajiri walikuwa wamekwisha kumuuliza, kwa upole unaotisha, kama ana hakika na hesabu zake. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimuuliza Mtambo kama ameona jambo lolote la ajabu mchana.

"Hakuna," alisema, na hakuwa akidanganya. Kupumzisha hakukuwa jambo la ajabu.

Muuza maziwa alimpa binti maji ya kunywa, wakaketi kwenye benchi mbele ya duka. Mtambo alikuwa amesimama karibu na kitambaa chake mkononi.

"Hebu nieleze kama unavyomweleza mtoto," muuza maziwa alisema. "Vinakula saa ngapi hivi vitu?"

"Asubuhi vinanusa tu, mama. Kula hasa ni kuanzia saa sita mpaka saa tisa, jua likiwa kali. Zile taa zenu za jioni na barafu ya usiku, vyote vinapikwa saa hizo. Ukivinyima chakula saa hizo, umeviua njaa."

Baridi ilimshika Mtambo katikati ya jua. Alifumbua mdomo.

"Kesho asubuhi tunakaa," muuza maziwa alisema, akimwangalia binti na si yeye. "Pole mwanangu. Watu wakisema jenereta irudi, mimi siwezi kuwazuia tena. Hata mimi nina watoto."

Mtambo akaufumba mdomo. Alijiambia atasema baadaye, maneno yakishapangika. Alitembea mpaka mwisho wa mstari na kurudi, akatembea tena, na kila aliporudi maneno yalikuwa yamekwenda upande wa pili. Jua likapanda. Jua likafika utosini. Alijikuta mbele ya sanduku, kufuli likiwa wazi. Alijiambia kwamba yule ni mtoto, anaweza kukosea. Kwamba fundi mzee hakuwahi kukosea. Kwamba chuma ni chuma. Aliweka kiganja juu ya swichi, akaizima.

Siku zote zilizotangulia zilikuwa ujinga, na ujinga hauna mahakama. Hii ilikuwa siku nyingine. Alilijua hilo wakati kidole kikiwa bado kwenye swichi, na hakukiondoa.

Taa zikafa magharibi ile kama kawaida yake.

Asubuhi walikutana mbele ya duka la maziwa. Haukuwa mkutano wa maneno mengi. Binti Sola alisimama akasema amepima kila kinachopimika na hajui tatizo liko wapi, na kwamba anawaomba radhi. Mtu mzima akisema hajui, watu humheshimu. Kijana akisema hajui, watu hutazama saa zao. Mikono ikanyooshwa kuitaka jenereta. Muuza maziwa aliunyoosha wake mwisho, taratibu, kama mtu anayebeba kitu juu.

"Haya, Mtambo," kinyozi alisema. "Amka kutoka kwa wafu."

Mtambo alitoa turubai. Mikono ilikuwa imerudi kwao. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Ngurumo ile iliingia kifuani mwake kama jamaa anayerudi safari, na watu upande wa mbele wakapiga makofi. Moshi wa kwanza, mweusi wa siku nyingi, ulitoka kwenye bomba, ukazunguka kidogo kana kwamba unatafuta njia, ukaingia katika dirisha la chumba cha cherehani.

Mkewe alitoka nje. Kifuani alikumbatia gauni jeupe la harusi ambalo alikuwa hajalimaliza, amelikunja haraka, sindano bado zinaning'inia. Hakuwa amejifunika pua. Alikuwa amelifunika gauni. Hakumkunjia uso mumewe. Alimtazama vile mtu anavyotazama mvua iliyokwisha kuanza, anapojua kwamba hakuna wa kulaumiwa na hakuna pa kwenda. Kisha akainama, akakohoa, akilisogeza gauni pembeni kikohozi kisilifikie.

Mtambo alizima injini.

Alizunguka mpaka mbele, ambako Binti Sola alikuwa akizungusha nyaya zake na kuzitia mkobani. Alizungumza kwa sauti ile ile ya kupigia kelele injini, ingawa injini ilikuwa kimya, na mstari mzima ulisikia.

"Ni mimi. Nilikuwa nazipumzisha."

"Unapumzisha nini?" muuza maziwa aliuliza.

"Paneli. Mchana. Zikipata moto nazima swichi, mpaka jua lilegee."

Kinyozi alitoa kitana mdomoni.

"Ngoja kwanza. Umelipumzisha jua?"

Kicheko kililipuka kama chungu kilichofunikwa vibaya. Mwenye duka la nakala alishika ukuta. Mtu mmoja alisema usiku jua hulala bure basi, na mwingine akataka kujua kama alilitandikia mkeka. Binti Sola alikuwa amechutama chini, uso ndani ya viganja, mabega yakitikisika, na hakuna aliyeweza kusema kama anacheka au analia. Mtambo mwenyewe alikaribia kutabasamu. Ilikuwa njia rahisi ya kutokea, na mlango ulikuwa wazi.

Muuza maziwa peke yake hakucheka.

"Ulijua lini kwamba ni hilo?"

Angeweza kusema sasa hivi. Hakuna ambaye angejua.

"Jana. Mlipokuwa mmekaa kwenye benchi."

"Na jana mchana?"

"Nilizima."

Kicheko kilikatika kama umeme.

"Nilimwaga maziwa leo alfajiri," muuza maziwa alisema. Hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, kiganja juu, na Mtambo akatoa ufunguo mfukoni akauweka pale. Mkono haukumgusa.

"Baba," Binti Sola alisema kutoka pale chini, macho yamelowa, "si ungeniuliza tu?"

"Siku za mwanzo sikujua kama kuna swali," alijibu. "Jana nilijua. Ndiyo maana sikuuliza."

Mchana ule swichi haikuguswa, na magharibi taa zilikaa. Zilikaa mpaka kinyozi akawafukuza wateja mwenyewe. Watu wa mstari hawana kinyongo kirefu; baada ya siku chache walikuwa wamekwisha kumwomba alipumzishe na joto, alipumzishe na kodi ya pango, awapumzishe na wakwe zao. Binti Sola alibaki na kazi yake, akabandika karatasi juu ya sanduku yenye maandishi makubwa: HAICHOKI. Muuza maziwa alimsalimia Mtambo kwa maneno yote yanayotakiwa katika salamu, na hata moja zaidi halikupatikana.

Jenereta ikapata mnunuzi, mtu wa machimbo ya mawe, mbali. Mtambo alisaidia kuipandisha kwenye lori. Alimweleza dereva sauti zake zote, na habari ya kupumzika mchana, na dereva akaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, akitazama barabara. Lori lilipoondoka Mtambo alifikiri kwamba sasa itamvutia mke wa mtu mwingine, na kwamba moshi ule, kama binti alivyosema, utapanda na kukutana na wenzake vilevile, ukitokea upande tofauti tu. Hakuwa na wa kumwambia hilo. Kibanda kilibaki na doa jeusi sakafuni lenye umbo la kitu kilicholala.

Mkewe alipaka ukuta rangi nyeupe. Kikohozi hakikwisha, lakini kilianza kuwa na mapengo. Na ni katika pengo moja kama hilo, mchana, akiwa anavuta uzi kwa meno, alimuuliza mumewe jambo alilokuwa ameliweka tangu siku ile.

"Ile asubuhi ulipoizima jenereta. Ulizima kwa sababu ya kifua changu, au kwa sababu nilikuwa nimekutazama?"

Mtambo alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja. Goti lilikuwa likienda. Alilitafuta jibu mahali pa kwanza, halikuwepo. Akalitafuta mahali pa pili, akakuta vitu viwili vimelala pamoja, na hakuweza kujua kipi ni kipi.

"Sijui," alisema.

Kwa mara ya kwanza maishani alisema jambo kwa sauti ndogo, na mkewe alilazimika kuinua kichwa kutoka kwenye cherehani ili amsikie. Kisha akauweka mguu juu ya kanyagio, na sindano ikaanza kukimbia.

Naye Mtambo akanyanyuka, akatoka nje kwenye jua kali, akatembea mpaka mwisho wa mstari.